Kupaka Vanishi Kabla ya Upepo

Dodoma ina miezi ambayo fundi wa vanishi hana ruhusa ya kuchelewa kuamka. Kiangazi kikikolea, upepo wa mashariki huanza jua likipanda, na ikifika saa nne asubuhi vumbi limeshajaa uani. Ndiyo maana fundi huyu wa Chang'ombe amezeeka akipaka alfajiri, ua umemwagiwa maji, mlango umelazwa juu ya stuli mbili. (Fundi ndiye huyo huyo anayeandika; ni rahisi zaidi kumsema mtu mwingine.)

Kazi aliianza miaka ya 1980. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973 baada ya TANU kuamua serikali ihamie Dodoma, ilikuwa inaupima na kuujenga mji, na mwenye nyumba aliyejiheshimu alitaka kitanda cha mninga. Mzee aliyemfundisha hakumwachia burashi. Alimpa msasa: namba 80 ya kufuta alama za randa, kisha 120, 180, mwisho 240, mkono ukifuata nyuzi za mbao muda wote. Mkwaruzo uliokatisha nyuzi hauonekani mbao ikiwa kavu, ila rangi ikishaingia hujitokeza kama kovu. Mninga wenyewe haukudai rangi. Ulipewa sila, ukapitishwa msasa laini, ukapakwa vanishi, basi.

Paini ndiyo iliyomfundisha kazi upya. Tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, nyumba ziliota Ilazo, Kisasa na kwingineko, na mbao za paini kutoka nyanda za juu kusini, ambako kuna shamba la miti la Sao Hill huko Mufindi, ziliingia karibu kila kijiwe cha fundi.

"Fundi, nataka rangi ya mninga."

"Mama, hii ni paini."

"Najua, mwanangu. Wageni ndio wasijue."

Shida ni kwamba paini hainywi rangi sawasawa. Sehemu laini hulewa, mistari migumu hukataa, macho ya mbao hubaki na rangi yake, na ncha zilizokatwa hugeuka nyeusi. Anachofanya ni kuitangulizia sila iliyozimuliwa sana kwa thina, akaiacha ikauke, akaipitishia msasa kwa mkono mwepesi. Rangi huipaka kwa kitambaa, ubao mmoja kwa wakati, na kufuta inayozidi kabla haijashika. Ncha huzisugua kwa msasa laini zaidi ili zisinywe kupita kiasi. Rangi yenyewe huijaribu kwanza chini ya uvungu. Sampuli ya dukani humridhisha mwenye duka.

Mvua za Desemba hadi Aprili zina vituko vyake. Thina inapopaa huupoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unatua juu yake, na vanishi inayokauka upesi inabaki na utando mweupe. Hapo ni kungoja jua. Kiangazi nacho huumbua vitanda vilivyotengenezwa Pwani kwa mbao ambazo hazijakauka vizuri: vikifika Dodoma hunywea, maungio yakaachia, na lawama zote zikamwangukia aliyepaka.

Siku hizi kazi inayomlipa ni kufufua vitu vya zamani. Aliletewa kiti kilichopakwa rangi ya mafuta ya kijani, tabaka juu ya tabaka. Alikikwangua kwa kipande cha kioo, kioo kikiwa kimeinamishwa kidogo, na unga ukaanza kutoka kijani, ukawa wa maziwa, kisha ukawa wa kahawia yenye wekundu. Mninga mtupu! Mwenye kiti alipokuja akakizunguka, akakikalia, akasifu. Halafu akauliza kama kinaweza kupakwa nyeusi, kiendane na televisheni.

Fundi akamtajia bei ya kupaka nyeusi. Ilikuwa mara mbili ya ile ya kukwangua.