Garanti bila karatasi



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu aliniomba nimsindikize kwenda kuona nyumba. Feza ya garanti ilikuwa tayari, imefungwa katika ncha ya kikwembe chake. Nikamwuliza: «Mama, na karatasi?» Akanijibu: «Bayeri ni mtu wa sala. Mtu kama huyo utamwomba karatasi namna gani?»

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu maneno hayo nami niliwahi kuyasema.

Miaka mitano iliyopita tulikuwa tunapanga vyumba viwili hapa Likasi, katika komini ya Kikula, dola 50 kwa mwezi. Tulipoingia tulitoa garanti ya miezi 6, dola 300, mkono kwa mkono, mbele ya komisioneri tu. Siku ya kutoka, bayeri akasema alipokea ya miezi 3. Tena akatuonyesha ukuta wenye ufa na lavabo iliyovunjika, vitu tulivyovikuta hivyo siku ya kuingia, akakata feza ya kuvitengeneza. Tulirudishiwa dola 90. Komisioneri tulimtafuta, hakuonekana. Mimi ninayewafundisha watoto kuandika tarehe juu ya kila ukurasa, sikuwa na hata mstari mmoja wa kuonyesha.

Tulihama juu ya makelele. Baa ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mtoto mdogo alikuwa anapata usingizi saa sita ya usiku, na mimi nilisahihisha makaye ya wanafunzi huku muziki unatikisa meza. Tukaenda kukaa kwanza kwa dada yangu, tukitafuta kartie yenye utulivu.

Tulipata nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa, chini ya miembe, dola 70 kwa mwezi. Niliipenda mara moja. Lakini safari hii sikutoa feza siku hiyo. Nilirudi jioni kuona kama umeme unawaka. Nilirudi tena baada ya mvua kubwa kuona kama maji yanaingia ndani. Niliwauliza majirani maji ya bomba yanatoka saa ngapi, wakasema saa tisa ya usiku, tena si kila siku. Hilo komisioneri hakulisema. Niliuliza pia kama mpangaji aliyetutangulia aliacha deni la SNEL.

Mwishowe nilikuja na kaye. Niliandika chumba kwa chumba: vioo vya madirisha, makufuli, dari, choo, kilicho kizima na kilichoharibika. Bayeri alitaka garanti ya miezi 6. Nikamwambia kwa heshima: «Papa, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3.»

Akakasirika. «Mwalimu, unaniona mimi mwizi? Kuna watu wengine wanaoitaka nyumba hii.»

Moyo ulinipiga. Watoto walikuwa wanalala chini kwa dada yangu tangu majuma matatu. Nilikuwa karibu kufunga kaye na kutoa feza yote. Ni mke wake aliyeongea: «Papa, acha aandike. Kesho ukifa wewe, mimi nitaonyesha nini, kama mpangaji anabisha?» Bwana akafikiri, akatia sahihi. Nami nikatia sahihi, na jirani mmoja kama shahidi. Dola 210, karatasi mbili, kila mtu na yake.

Tangu siku ile hatujagombana. Upepo ulipong'oa bati moja, tulifungua karatasi tukaona ni nani wa kutengeneza. Papa alileta fundi kesho yake.

Na yule mama wa kikundi chetu? Bayeri wake alikataa kuandika. Mama akafunga tena feza yake katika kikwembe, tukarudi bila kuongea. Yuko bado kwa kaka yake, watu 9 katika vyumba viwili. Siku ya Mungu alinisalimia nusu mdomo. Ninamwelewa, shida ya nyumba haingoji, na mimi usiku ninalala katika utulivu wangu. Hata hivyo feza yake ingali yake.

Kwa hiyo Alhamisi, baada ya mkutano, kila mama anayetafuta nyumba alete kaye na kalamu. Tutaandika pamoja, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, karatasi ambayo mtu anaweza kuipeleka kwa bayeri yeyote: feza ngapi imetolewa, ya miezi mingapi, tarehe gani, hali ya kila chumba, na ni nani atatengeneza nini. Asiyejua kuandika tutamwandikia, na tutamsomea mpaka aelewe kabla ya kutia kidole.

Yeye nimekwenda kumwalika mimi mwenyewe. Amesema ataona.