Goma: Mama Fundi wa Majengo na mbio zake za jumapili

Mjini Goma, mtu mzima akipita barabarani mbio, watu hutoka milangoni. Wanaangalia kwanza kaskazini, kwenye Nyiragongo, kisha magharibi, kwenye barabara ya Sake, halafu ndipo wanamwangalia yeye. "Kuko nini?" Ni ulizo la watu waliozoea. Mwezi wa kwanza 2002 walikimbia lava iliyopita katikati ya mji. Mwezi wa tano 2021 wakakimbia tena. Risasi walizikimbia kabla, kati na baada ya hapo. Kwa hiyo si ajabu kwamba vikundi vya spoti vya jumapili asubuhi vinakimbia vikiimba na kupiga filimbi. Wimbo unawapa nguvu wanaokimbia, lakini pia unawaambia waliolala kwamba hakuna kitu, walale tu.

Katika vikundi hivyo yumo mama mmoja wa kartiye Majengo, mwenye miaka 41 na watoto wanne. Ni mshonaji wa nguo, na wateja wanamwita Mama Fundi. Tangu mwishoni mwa 2021 ameshiriki mashindano kumi na moja ya barabarani, mengine ya kilomita 5, mengine ya kilomita 10. Hajashinda hata moja wala hajakaribia. Mara moja alifika wa mwisho kabisa, na nyuma yake ilikuwa pikipiki ya usalama tu, motari wake akipiga miayo.

Alianza kwa sababu ya safari ambayo hakuichagua. Jumamosi ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jioni, Nyiragongo ilipasuka, na lava ikasimama karibu na mipaka ya mji. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27, wakaaji wa kartiye kumi waliamriwa kuondoka, Majengo ikiwa ndani. Wengi walishika njia ya Sake, karibu kilomita 25. Magari yalijaa hadi yakasimama, na watu wakaenda kwa miguu, na magodoro, na mbuzi, na masufuria. Mama Fundi alijitwisha cherehani bila meza yake, mtoto wa mwisho akiwa mgongoni. Kufika Mugunga, magoti yalikataa. Aliketi pembeni ya barabara, moyo ukipiga kama mtu anayegonga mlango, na kijana wake wa kwanza, wa miaka 14, ndiye aliyebeba cherehani mpaka Sake.

"Siku ile niliona kama nitawafia watoto njiani," anasema. "Si lava iliniua, ni mwili yangu mwenyewe."

Waliporudi Goma, muuguzi wa sentre ya afya alimpima tansio: 17 kwa 10. Akamwandikia vidonge vya kila siku, akamwambia apunguze chumvi na atembee. Muuguzi alisema kutembea tu. Mbio zililetwa na jirani yake, muuza unga, aliyekuwa tayari katika kikundi cha spoti cha kartiye na aliyemwambia kwamba kutembea peke yake kutamchosha roho kabla ya miguu. Kwa miezi minne Mama Fundi alikimbia nyuma ya kikundi, kutoka Majengo kushuka kuelekea ziwa. Anayeijua Goma anajua maana yake: mji wote umeinama kutoka volkano kwenda ziwani, kwa hiyo anayeanzia Majengo anashuka akiwa na nguvu na anapanda akiwa amechoka. Tena ni kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari.

Na kuna mawe. Nje ya barabara za lami, Goma ni lava iliyokauka, nyeusi, yenye meno. Inakula soli. Viatu vyake vya kwanza, vya mtumba, alivinunua dola 12 katika soko la Virunga, na havikumaliza miezi mitano. Alivishona mwenyewe mara mbili kwa uzi wa mabegi. Katika mashindano ya hapa, wakimbiaji wa mbele wanajadili aina za viatu; wa nyuma wanajadili gundi.

Shindano lake la kwanza lilikuwa la kilomita 10. Ada ilikuwa franka 5,000, na kwa hizo alipewa tisheti iliyomfika magotini na namba iliyochapwa kwenye karatasi. Mwanzo uliwekwa Rond-point Tchukudu, chini ya sanamu ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, saa kumi na mbili asubuhi. Walianza saa mbili kasoro dakika ishirini, maana mgeni wa heshima alikuwa hajafika. Hili linastahili kusemwa, kwa sababu halimdhuru mgeni wala mshindi. Vijana wa mbele watamaliza kabla ya jua kupanda. Anayelipa ni mama aliyemeza kidonge saa kumi na moja, aliyekunywa chai kidogo tu kwa kuogopa tumbo, na atakayekuwa barabarani jua likiwa kali.

Filimbi ilipolia alifanya kama kila mgeni: alikimbia na vijana. Kwa dakika nne hivi alijiona binti. Dakika ya kumi alikuwa amesimama, mikono magotini, anatafuta hewa. Papa mmoja mwenye mvi alimpita polepole, akageuka, akamwambia: "Mama, kama huwezi kuongea, uko unaenda mbio sana. Imba." Aliimba wimbo wa kwaya, nusu kwa sauti, nusu kwa pumzi, na alipoona maneno yanakatika alipunguza mwendo. Alimaliza kwa saa moja na dakika 31. Mpaka leo hana saa ya mkononi inayopima moyo. Ana wimbo huo.

Shindano la tatu lilimletea furaha, kisha hasira. Lilitangazwa kuwa la kilomita 10, naye akamaliza kwa saa moja na dakika 9. Alirudi nyumbani akawaambia watoto, akampigia simu dada yake Bukavu. Juma lililofuata, kijana mmoja wa kikundi mwenye simu inayopima mwendo akasema njia ilikuwa kilomita 8 na kidogo. Waandaaji walikuwa wameipima kwa konteri ya pikipiki, halafu wakakata kona moja asubuhi ile ile kwa sababu ya lori lililoharibika. Mashindano makubwa ya dunia yanapimwa kwa baiskeli yenye kihesabio maalumu, kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara, na kila kilomita inaongezewa mita moja ili njia isije ikawa pungufu. Hakuna anayedai hayo kwa mbio za kartiye. Lakini wa kwanza anakimbilia bahasha, na bahasha yake haipungui njia ikipungua. Wa nyuma hana kitu kingine isipokuwa dakika zake, na dakika zenyewe zikiwa za uongo, amelipa franka 5,000 kwa tisheti.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wanaokuja kukimbia Goma hawaambiwi. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Keshero, Lac Vert na Bulengo, kuna mashimo na mabonde madogo yenye mazuku, ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala chini usiku, na asubuhi na mapema, kama hakuna upepo, bado ipo. Haionekani. Imeua mbuzi, imeua watoto na watu wazima. Mkimbiaji aliyechoka, anayetaka kuketi kidogo kwenye kibonde penye kivuli saa kumi na mbili asubuhi, anaweza asiamke. Kikundi cha Majengo kina sheria moja tu isiyo na msamaha: huko, anayepumzika anapumzika amesimama, juu ya barabara.

Barabara hiyo ya magharibi ndiyo iliyompa Mama Fundi shindano analolizungumzia kuliko yote. Ilikuwa mwezi wa saba 2023, wakati wa kiangazi, vumbi likiwa juu. Njia ilitoka katikati ya mji, ikapita Katindo, Keshero na Ndosho, ikaelekea Mugunga. Kwa miezi kadhaa watu waliokimbia vita vya Masisi walikuwa wamejaa pande hizo, Bulengo na Lushagala, katika vibanda vya turubai juu ya mawe. Wakimbiaji walipotokea, watoto walishangilia na kukimbia nao. Wakubwa walisimama kimya. Wengine walianza kukusanya vitu.

Mahali pale pale, au karibu na pale, ambapo magoti yake yalikataa miaka miwili nyuma, mama mmoja mwenye bidoni ya maji alimkabili: "Siye tulisha kimbia kutoka Masisi. Nyinyi munakimbia nini?"

Vijana waliokuwa karibu walicheka. Mama Fundi hakuweza kucheka wala kuendelea. Alisimama, mbele ya wote, katika shindano alilolilipia, akatafuta jibu. Kusema "spoti" mbele ya mtu mwenye bidoni moja kwa watu saba kulikuwa kama tusi. Mwishowe alisema ukweli: "Mama, miye niko nakimbia tansio."

"Hata miye niko nayo," mama yule akajibu, na wakacheka wote wawili. Walisimama kama dakika tano. Mkimbizi hakuwa na vidonge tangu alipotoka kwake. Mama Fundi alimwonyesha upande wa kituo ambako walikuwa wakipima tansio bila malipo, akamwachia ile chupa ya maji aliyopewa njiani, akaendelea. Kwa Kiswahili, mkimbizi na mkimbiaji wametoka katika neno moja, na asubuhi ile walisimama kwenye kilomita moja. Matokeo yalisema saa moja na dakika 34, mbaya kuliko ya kwanza kabisa. Hakuna safu ya dakika tano za kuongea.

Si yeye wa kwanza kuwa na mambo hayo mawili pamoja. Makorobondo Salukombo, aliyekimbia marathoni ya Rio 2016 kwa bendera ya Congo, asili yake ni Kirotshe, kando ya ziwa, ukishapita Sake. Familia yake ilikimbia vita akiwa mtoto, naye akakulia Marekani. Katika kikundi cha Majengo vijana wanalijua jina lake. Mama Fundi alilisikia kwao, na alichouliza kwanza ni kama mama yake alimwona akikimbia.

Nyumbani haikuwa rahisi mwanzoni. Jirani mmoja alisema mama wa watoto wanne hawezi kupita barabarani na suruali ya kubana, akajiita mtumishi wa Mungu. Alijishonea sketi ya kitenge, fupi kidogo, iliyoshonwa juu ya kaptula, na maneno yakaisha. Sasa akina mama sita wa kikundi wanazo, kwa dola 4 kila moja. Mume wake, motari, hakuwahi kumkataza. Alichokataa ni kuamshwa saa kumi na moja siku yake ya kupumzika. Tansio, alipopimwa mara ya mwisho, ilikuwa 13 kwa 8, na vidonge anaendelea kumeza, maana muuguzi alimwambia wazi kwamba anayeacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri ndiye anayerudi akiwa amebebwa.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mjini na M23 ikachukua Goma. Familia ililala chini, kwenye sakafu, siku kadhaa. Baadaye benki zilifungwa, pesa zikakauka, na watu wasio na pesa hawashoni nguo. Kwa majuma tisa Mama Fundi hakufunga viatu. Wawili katika kikundi waliondoka mjini, na mmoja hakuna anayejua yuko wapi.

Waliporudi barabarani, jumapili ya kwanza hawakukimbia, walitembea tu. Jumapili ya pili walikusanyika mbele ya duka la unga, na kabla ya kuinua mguu walianza kuimba wakiwa wamesimama, kwa muda mrefu, ili kartiye yote iwasikie kabla ya kuwaona. Kisha wakashuka kuelekea ziwa.

Sasa kikundi kinajiandalia mbio zake chenyewe, kilomita 5, mara moja kwa mwezi, bila mgeni wa heshima. Njia imepimwa mara tatu, kwa kamba. Namba za karatasi zilikuwa zinachanika mvua ikinyesha, kwa hiyo Mama Fundi ameshona za vitambaa, kutoka vipande vinavyobaki chini ya cherehani, 60 jumla. Baada ya mbio zinarudishwa, anazifua, anazianika kwenye waya. Kuanzia 11 mpaka 60 zinarudi. Zile za 1 mpaka 10 ameshashona upya mara mbili, maana vijana wanaondoka nazo.