Kaye ya mwaka uliopita

Zamu yangu ya kuandika imefika, na nitaongea juu ya kitu kidogo: kupitia somo jipya kabla mwalimu hajalifundisha. Dakika ishirini, jioni ya siku ya kabla. Basi.

Najua kuna watakaosema hilo tunalijua tangu primeri, kila mwalimu anatuambia "mjitayarishe." Kweli, kutuambia wanatuambia. Lakini unajitayarisha na nini kama kitabu huna? Na kwa nini sisi tulihitaji kuliko mtoto wa hapa? Hayo ndiyo nataka tuongee.

Tuangalie kwanza darasa lenyewe. Mwalimu anaingia, anaandika kichwa cha somo, halafu anaendelea kuandika mpaka ubao unajaa. Wanafunzi ni wengi, kitabu ni kimoja, na kiko mkononi mwake. Nyinyi mnakopi. Akianza kufuta upande wa kushoto hujamaliza, umekwisha. Mkono unakimbiza ubao, jicho linakimbiza mkono, sasa sikio limebaki na nani? Halafu mwalimu anageuka, anaeleza kwa Kifaransa, akiona nyuso zimelala anatia Kirundi, darasa zima linacheka. Wewe wa Fizi unacheka pia juu wenzako wamecheka.

Wale wa kambi mnajua: wakati wangu pale Kinama tulisoma kwa programu ya Kongo. Historia yetu ilikuwa Leopold wa Pili, Lumumba, 30 Juni 1960. Mtu akitoka pale kuingia shule ya Burundi, Kifaransa ni kilekile, hesabu ni ileile, lakini kuna kitu kingine chini ya somo ambacho yeye hana. Mimi nilikiona vizuri mwaka huu kwa mdogo wangu wa kike, aliyeingia mwaka wa kwanza wa posti-fondamentali kule Muyinga. (Muyinga wakati wangu ulikuwa mkoa. Sasa mikoa imetoka 18 ikawa 5, na Muyinga iko ndani ya Buhumuza. Sisi bado tunasema Muyinga tu.)

Mfano ni somo la Mkataba wa Kiganda. Tarehe 6 Juni 1903, mfalme Mwezi Gisabo alikubali mamlaka ya Wajerumani, akatozwa ng'ombe 424, na akalazimishwa kuwatambua machifu wawili waliokuwa wamempinga: Maconco na Kilima. Mtoto wa Kirundi anapoingia darasani, jina la Mwezi Gisabo amelisikia tangu mdogo. Babu amelitaja, redio imelitaja. Akisikia Maconco, anajua ni yule mkwe wa mfalme aliyemgeuka. Kwa hiyo mwalimu akiandika haraka, yeye anapanga tu vitu kwenye nyumba ambayo imeshajengwa kichwani. Mdogo wangu yeye, alipoona neno Kilima, alinipigia simu: "Yaya, huo mlima uko wapi?" Nilicheka mpaka machozi, lakini mwenye haki ni yeye. Kwa Kiswahili chetu kilima ni kilima! Angekaa darasani na swali hilo, saa nzima angekuwa anatafuta mlima, na wenzake wako kwenye ng'ombe 424.

Ndiyo maana nasema wenzetu wamekuja shule na utangulizi kutoka nyumbani, bila hata kujua kwamba wanao. Sisi lazima tujitengenezee. Si kwamba akili zetu ni nzito. Mtoto wa Gitega ukimpeleka Baraka au Uvira, akae kwenye somo la historia ya Kongo, naye atatafuta mlima wake.

Hapa chuoni Gitega tulifundishwa jaribio moja ambalo lilinishika sana. Wamarekani wawili, John Bransford na Marcia Johnson, mwaka 1972, waliwasomea watu maelezo ya kazi fulani. Maneno yote ni rahisi: vitu unavigawa mafungu, usizidishe kwa mara moja, ukimaliza unavigawa tena na kuvirudisha mahali pake. Hakuna neno hata moja gumu, lakini watu hawakuelewa kinachoongelewa. Kumbe ni kufua nguo! Walioambiwa kabla kwamba maelezo ni ya kufua walikumbuka karibu mara mbili ya wengine. Na hapa ndipo penye utamu: wale walioambiwa baada ya kusikia hawakupata faida yoyote. Walikuwa sawa na wasioambiwa kabisa.

Fikiri hilo, ndugu yangu. Unakopi kurasa nne hujui ni za nini, unajiambia nitaelewa jioni nikisoma kaye. Jioni inafika, taa haipo, maneno yamelala pale kama nguo za mtu usiyemjua. Kichwa cha habari kilitakiwa kije kwanza.

Sasa, tunajitayarisha na nini? Kitabu hakuna, intaneti ni megabaiti za kununua. Mimi jibu langu ni kaye ya mwaka uliopita. Programu haibadiliki kila mwaka, na walimu wengi wanatoa maelezo yaleyale, hata mifano ileile, hata mzaha uleule. Mwanafunzi aliyekutangulia amekopi kila kitu kwa mkono wake. Kaye hiyo ndiyo kitabu chetu. Lakini tunazifanya nini? Tunafungia karanga. Tunawashia moto. Pale Kinama nimeona kaye nzima ya kemia ya mtu aliyefaulu vizuri ikiuzwa kurasa kurasa kwa mama wa mandazi. Simlaumu mama, karatasi ni karatasi. Ila iliniuma.

Mwezi wa tisa nilikusanya kaye kwa wanafunzi wa hapa Magarama waliokuwa wamepanda mwaka wa pili: biolojia, historia, jiografia, na moja ya Kifaransa iliyokosa ganda. Nikazifunga kwenye mfuko, nikampa mama mmoja anayepanda Probox ya kupitia Karuzi kwenda Muyinga. Zilichukua siku tatu kufika, juu mafuta yalikuwa yamekosekana na magari yalilala kwenye foleni. Lakini zilifika.

Namna mdogo wangu anavyofanya nitawaelezea kama ilivyo. Kila siku anamuuliza mwalimu, au anaangalia mwenyewe kwenye kaye ya zamani, somo la kesho ni lipi. Jioni anafungua pale. Hasomi yote! Hili nasisitiza, juu wengi wanashindwa hapa: wanataka kuelewa somo zima peke yao usiku, wanachoka siku ya pili, wanaacha. Yeye anapitisha macho kwenye vichwa, kwenye maneno yaliyopigwa mstari chini, kwenye michoro. Anachagua maneno matano asiyoyajua, anayaandika kwenye kikaratasi. Halafu anaandika swali moja, na anajaribu kulijibu kwa kubahatisha. Anafunga kaye.

Kile kikaratasi anakwenda nacho robine. Wasichana wa kambi mnajua foleni ya maji, bidoni zimepangwa utafikiri mkutano. Pale anauliza: dada, hili neno maana yake nini? Kuna mama mmoja jirani yetu alikuwa mwalimu kule Kongo, naye huja kuchota. Akimkuta ni bahati, maneno matano yote yanapata Kiswahili chake kabla ya maji kufika. Asipomkuta ananitumia mimi ujumbe. Nikiwa sina megabaiti, basi anaingia darasani na maneno matatu badala ya matano, hakuna tabu.

Biolojia ilikuwa mgawanyiko wa seli: profazi, metafazi, anafazi, telofazi. Majina manne yanayofanana kama mapacha. Kabla ya somo aliangalia michoro tu kwenye kaye, akajiwekea yake: metafazi, zile kromosomu zinapanga mstari katikati kama siku ya posho, anafazi, mstari unakatika, nusu wanakwenda huku na nusu kule. Kesho yake mwalimu alipochora, mkono wake ulikuwa umeshajua kuandika yale majina. Haukuwa unakopi herufi moja moja kutoka ubaoni. Sikio likabaki huru. Aliniambia hivi: "Kwa mara ya kwanza nilimsikia mwalimu."

Na lile swali la kubahatisha? Wengine wanaona ni kupoteza muda, utajibuje kitu hujafundishwa. Lakini hilo nalo limejaribiwa. Lindsey Richland na wenzake, mwaka 2009, waliwapa wanafunzi maswali kabla ya kusoma. Wengi walikosa, natural, hawajasoma bado. Lakini baadaye yale waliyoulizwa na kuyakosa waliyakumbuka vizuri kuliko walioongezewa muda wa kusoma. Ukishajiuliza, somo likija linakukuta mlangoni unalisubiri.

Nisiwadanganye kwamba njia hii inafaa kila mahali. Hesabu, mimi naona faida ni ndogo. Huko afadhali dakika ishirini uzitumie kurudia ya nyuma ambayo ya kesho itakalia. Na kuna hatari nyingine: mtu amepitia somo, anaingia darasani anajiona amemaliza, anaanza kupiga stori nyuma. Huyo heri asingefungua kaye. Kaye ya zamani pia ina makosa ya mwenyewe. Ile ya jiografia niliyotuma iliandika mahali fulani kwamba Ruvubu inaingia Ziwa Tanganyika! Mdogo wangu aliikamata darasani, juu mwalimu alionyesha kwenye ramani kwamba Ruvubu inapanda kuungana na Kagera, halafu maji yanakwenda Victoria mpaka Nili. Mto ule unapita mkoa wetu, jamani. Lakini angalia: ameikumbuka Ruvubu vizuri zaidi kwa sababu alikuja na jibu baya na likavunjika mbele yake.

Kuna mwalimu mmoja, simtaji, hakufurahi. Mdogo wangu aliuliza swali ambalo mwalimu alikuwa hajalifikia, akaambiwa asijifanye profesa. Alikaa wiki mbili bila kunyoosha mkono. Ushauri wangu kwake ulikuwa: swali liweke kwenye kikaratasi, subiri afike pale, akifika na hajajibu ndipo unyooshe. Si kuogopa, ni heshima, na pia ni akili. Sasa yule mwalimu mwenyewe humwita kusoma kwa sauti.

Kwa nini nahangaika hivi na mtoto mmoja? Baba alisema wazi mwezi wa tisa: minervali ya mwaka huu ipo, ya kurudia mwaka haipo. Simlaumu. Posho imepunguzwa, tuko saba nyumbani, na shamba la kukodi halikutoa kitu msimu uliopita. Lakini wote tunajua msichana wa miaka kumi na saba akitolewa shule kambini kinachofuata. Kuna posa imeshaletwa. Mama anaichelewesha kwa maneno mazuri, anasema binti bado ana mitihani.

Muhula wa kwanza historia aliingia na 4 kwenye 10 katika swali la kwanza, kabla kaye hazijafika. La mwisho alipata 7. Biolojia 8. Hesabu bado iko 5, inapanda na kushuka. Mitihani ya mwisho wa mwaka ni mwezi wa sita, na mimi hapa nalala na simu karibu na sikio kila jioni kuanzia saa moja, juu ndiyo saa ya vikaratasi.

Sasa nina kaye zaidi. Mwaka wa kwanza: fizikia, kemia, Kiingereza. Mwaka wa pili: biolojia na historia, zote kamili, mwandiko unasomeka. Darasa la tisa ninayo ya Kifaransa tu, na nakumbuka kuna watatu pale Kinama wanajitayarisha konkuru ya taifa, hao wanahitaji na hesabu. Mwenye ya darasa la tisa asimpe mama wa mandazi, tafadhali. Ziko kwangu Magarama. Atakayepanda kwenda Muyinga Jumamosi hii aniandikie kabla ya Ijumaa saa kumi. Mfuko ni mdogo, unakaa chini ya kiti.