Kunukia ni kwa Nani? Matembezi katika Maduka ya Mafuta Mazuri, Mji wa Kale



Lugha yetu imelipambanua vizuri jambo ambalo leo nataka tulizungumze. Mtu aliyeshinda juani bila kuoga, twasema ananuka. Aliyeoga, akavaa kanzu safi na kujipaka mafuta mazuri, twasema ananukia. Imeongezeka herufi moja tu, nayo ndiyo ile ile igeuzayo kupika ikawa kupikia, na kuimba ikawa kuimbia, yaani kitendo kikatendwa kwa ajili ya mwingine. Kwa hivyo anukaye hunuka tu, lakini anukiaye humnukia mtu.

Kila ikaribiapo Idi, na kila uingiapo msimu wa harusi, akina mama huniuliza swali moja: mume wangu, au mwanangu, nimnunulie manukato gani? Swali hilo halijibiwi kwa kutaja jina la chupa. Afadhali tutembee pamoja mpaka yanakouzwa, tuone yanavyochaguliwa, na jibu tutalikuta huko.

Ukiingia Mji wa Kale wa Mombasa kwa upande wa Ngome ya Yesu, ile iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ukashika Ndia Kuu, pua yako itatangulia mbele ya macho yako. Kwanza utakutana na kahawa chungu iliyotiwa tangawizi, kisha mahamri yatokayo katika mafuta ya moto. Ukiupita Msikiti wa Mandhry na kuteremka hadi Bandari ya Kale, harufu ya samaki na maji ya chumvi inatawala. Ukipanda tena kuelekea Marikiti, bizari, iliki na karafuu zinakupokea. Baina ya harufu hizo zote, katika vichochoro na pembezoni mwa barabara, yako maduka madogo ya mafuta mazuri. Mengine hayazidi upana wa milango miwili. Rafu zake zimejaa chupa za kioo, na juu ya kila chupa pameandikwa jina: miski, ambari, sandali, waridi, yasmini, zafarani, udi.

Biashara hii si ya jana katika pwani yetu. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliitaja ambari ya pwani ya Zanj. Ambari hutoka matumboni mwa nyangumi, ikaelea baharini mpaka mawimbi yakaitupa ufuoni. Naye Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuja Mombasa na Kilwa, amesimulia kwamba alipokewa kwa tambuu, kisha akamiminiwa marashi ya waridi yaliyotoka Damascus. Aliyewahi kuhudhuria maulidi au harusi zetu anaijua desturi hiyo. Mrashi unapita mkononi mwa mwenyeji, na kila mgeni anakinga viganja. Mgeni haachwi akae bila kunukia, na wala haambiwi alete marashi yake. Kumnukiza mwenzako ni sehemu ya kumkirimu.

Sasa tuingie dukani. Muuzaji mzoefu hakupi chupa ukainusa mdomoni. Huchovya kijiti cha kioo, akakupaka tone moja nyuma ya mkono, kisha akakwambia ungoje. Kungoja huko ndiyo elimu yenyewe. Manukato hayana harufu moja. Yale mepesi, kama limau na ndimu, hukimbilia puani mwanzo, na baada ya muda mfupi yamekwisha kwenda zake. Kisha hujitokeza maua, kama waridi na yasmini. Mwisho hubaki mazito, yaani sandali, udi, ambari na miski, ambayo huweza kukaa mwilini saa nyingi na katika nguo siku nzima au zaidi. Anayenunua kwa harufu ya dakika ya kwanza amenunua kitu ambacho hataishi nacho. Atakayeishi nacho ni mkewe, watoto wake, na jirani yake katika safu ya sala.

Kwa sababu hiyo usijaribu zaidi ya aina tatu kwa siku moja, kwani pua nayo huchoka. Jaribu juu ya ngozi, si juu ya karatasi peke yake, kwa kuwa mafuta yale yale hunukia tofauti kwa mtu huyu na yule. Usisugue mkono kwa mkono. Ondoka dukani, tembea, sali Magharibi, rudi nyumbani, ndipo umuulize mwenye nyumba yako. Kumbuka pia kwamba Mombasa si nchi ya baridi. Joto letu na jasho letu huyaamsha mafuta kwa nguvu, na tone ambalo mtu wa nchi ya theluji hulihitaji mara tatu, hapa kwetu wakati wa kaskazi moja hutosha.

Mafuta haya huuzwa kwa tola, kipimo cha zamani cha Bara Hindi ambacho uzito wake ni kama gramu 11 na nusu. Huna haja ya kununua tola nzima. Kichupa cha robo tola kina kama mililita 3, na kwa mtu anayepaka tone moja kila Ijumaa humchukua muda mrefu.

Katika yote yaliyomo rafuni, udi ndio wenye heshima kubwa na ndio wenye hadaa kubwa. Mti wake humea Assam, Kambodia, Vietnam, Indonesia na nchi za jirani zake. Mti ulio mzima hauna harufu hiyo tuijuayo. Unapojeruhiwa na kuingiliwa na ukungu, hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya moyo wake, na utomvu huo ndio udi. Miti yenye ugonjwa huo ni michache, watu wameikata kupita kiasi, na leo biashara yake inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe vilio hatarini. Kwa hivyo ukiuziwa tola ya mafuta halisi ya udi kwa bei ya sahani ya biriani, jua kwamba umeuziwa mchanganyiko. Mchanganyiko si haramu wala si aibu, na mwingi wanukia vizuri sana. Aibu ni kuuita kisicho jina lake. Miski nayo ni vivyo hivyo. Ya asili hutoka kwa paa wa milima ya Asia, lakini sehemu kubwa ya miski inayouzwa siku hizi imetengenezwa na wanadamu. Muuzaji mwaminifu atakwambia bila kuulizwa mara mbili.

Alhamisi moja, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa nimeketi katika mojawapo ya maduka hayo alipoingia kijana aliyebakiwa na wiki chache aoe. Alifuatana na shangazi yake.

"Ami, nataka tola nzima ya huu," alisema, akionyesha udi mweusi. "Rafiki zangu wote wamevaa udi siku za harusi zao."

Bei aliyotajiwa ingetosha kulipa kodi ya chumba miezi miwili. Kijana akatia mkono mfukoni. Shangazi yake akamzuia.

"Mwanangu, bibi arusi umemuuliza?"

"Nimuulize nini, shangazi? Mafuta ni ya mwanamume."

"Mafuta ni yako, lakini pua ni yake. Na kifua je? Yule binti ana pumu tangu utotoni. Siku ya posa mamake aliniambia kwamba chetezo kikiwashwa, yeye hutoka nje. Wewe utaingia naye chumbani na udi shingoni. Yeye atatoka aende wapi?"

Kijana alinyamaza. Nilimwona kwamba halikuwa limempitia akilini kabisa, wala hakuwa na ubaya. Alikuwa amefikiri harusi yake kwa macho ya rafiki zake. Muuzaji, Mwenyezi Mungu amjaze kheri, aliufunga udi wake na kuurudisha rafuni mwenyewe. Akachukua vipande vitatu vya pamba, akavitia tone dogo dogo la mafuta mepesi, kila kimoja katika mfuko wake. "Shangazi amesema kweli," alisema. "Mpelekeeni, na asivisogeze karibu. Kitakachomkera, kitupeni. Vikimkera vyote, bwana arusi oga kwa sabuni, vaa kanzu iliyofuliwa, na hiyo itakutosha."

Wiki iliyofuata nilisikia mwisho wake. Binti alivikataa viwili, akakubali cha sandali kwa sharti moja, nacho ni kwamba mafuta yapakwe kwenye kanzu ya kutokea, na kanzu hiyo itundikwe nje ya chumba cha kulala. Kijana akanunua robo tola.

Ndugu zangu, nimeyasimulia haya kwa kuwa pumu si madeko. Harufu kali na moshi wa kifukizo huweza kuiamsha kwa baadhi ya wenye maradhi hayo, na mtu anayekohoa usiku kucha kwa ajili ya manukato yako hawezi kuambiwa kwamba umempendezea. Mama mjamzito naye huweza kuichukia ghafla harufu aliyoipenda miaka kumi. Asilaumiwe, na mume asisubiri kulalamikiwa. Wala wewe mama usinyamaze ukidhani kwamba kusema ni kukosa adabu. Imepokewa kwamba Bi Aisha, Mungu amuwie radhi, alikuwa akimpaka Mtume (S.A.W.) manukato kwa mkono wake mwenyewe, yaliyo bora kabisa aliyoyapata. Manukato ya mume yalipita mkononi mwa mke. Basi na kauli ya mke ina mahali pake dukani.

Yako tena haya manukato ya chupa za kupuliza, na yale ya kupaka baada ya kunyoa, ambayo vijana wetu wameyapenda. Asili yake ni ndefu. Katika karne ya 18 Mwitalia aliyeitwa Johann Maria Farina alifanya biashara yake katika mji wa Köln, Ujerumani, na maji yake mepesi ya michungwa na malimau yakauchukua jina mji huo, ndiyo Eau de Cologne. Nyingi ya chupa hizi zina alkoholi, nayo ndiyo ichomayo shavu lililotoka kunyolewa. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu kuitumia alkoholi ya manukato, na atakaye kutoka katika khitilafu hiyo ana mafuta yasiyo na alkoholi tele. Kwa wanaoitumia nina maneno matatu. Usipake penye kidonda cha wembe, kwani jiwe la shabu la wazee wetu linatosha kuzuia damu. Usipake manukato yenye mafuta ya limau au ya mchungwa kisha ukakaa juani, kwani baadhi yake huacha mabaka meusi kwenye ngozi. Na usipulize karibu na chetezo chenye makaa, kwa sababu alkoholi hushika moto. Vichupa vyote, vya mafuta na vya alkoholi, viwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akirudisha manukato anapopewa, na kwamba aliusia siku ya Ijumaa watu waoge na wajitie mafuta mazuri. Tuangalie mpango wake: kuoga kumetangulia. Mafuta juu ya jasho hayafichi jasho, bali huwa vitu viwili vinavyogombana. Na sababu ya usia huo iko wazi kwa aliyewahi kusali Ijumaa katika msikiti uliojaa, bega kwa bega, saa saba mchana. Aliyekula vitunguu vibichi humuudhi jirani yake, lakini aliyejimwagia nusu chupa naye humuudhi, na jirani huyo hawezi kuondoka katika safu. Haki ya jirani ni ile ile.

Basi, mama uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Kabla hujamnunulia mumeo au mwanao, jiulize atakaa na nani akiwa amejipaka. Kama ni dereva wa matatu au karani wa ofisi ndogo, mtafutie chepesi, kama waridi au miski nyeupe. Kama ni cha Idi na baraza la wazee, sandali au ambari ina heshima yake. Udi mpe anayekaa penye hewa, na uwe kidogo. Mafuta meusi yasiguse kanzu nyeupe, kwani doa lake halitoki kwa urahisi. Hayo mafuta mapakaze nyuma ya masikio na kwenye vifundo vya mikono. Chukua sampuli kwanza, ipeleke nyumbani, ipe siku mbili, na wote wanaolala chini ya paa lile waseme.

Ikiwa katika nyumba yako yuko mmoja ambaye kifua chake hakiwezi chochote, basi maji, sabuni na nguo iliyoanikwa juani ndiyo manukato bora ya nyumba hiyo, na mwenye kuyaacha mengine kwa ajili ya huyo mmoja, natumai ana thawabu zake kwa Mola.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu mapenzi na afya. Wabillahi tawfiq.