Nailoni kwenye Sofa la Shangazi

Watu wakitaka kuzisema filamu za Bongo huanza na sofa. Mume na mke wanagombana sofani, mchumba anatambulishwa sofani, hata daktari akija na majibu ya vipimo anakaribishwa sofani. Mimi nilishika kamera enzi hizo, na nasema sofa halikuwa mtindo, lilikuwa hesabu. Nje kuna daladala, kuna adhana, kuna redio ya jirani, na juu ya yote kuna kunguru. Ndege hawa waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wakavuka maji wakaja kuikalia Dar es Salaam, na sijui fundi sauti mbovu aliyeharibu sinema nyingi kuwashinda. Ndani, ukizima feni na kuchomoa friji, angalau unasikia mtu anasema nini.

Mwaka 2006 ndipo mimi na swahiba wangu tulipoamua kutengeneza sinema yetu wenyewe. Tumekua wote Magomeni. Yeye alikuwa mtunzi wa kikundi cha sanaa cha mtaani, kimoja kati ya vile vilivyochipuka baada ya kikundi cha Kaole kung'ara kwenye televisheni ya ITV. Mimi nilikuwa mpiga video wa harusi. Kazi ya harusi haina heshima mbele ya wasanii, lakini ndiyo iliyoilea Bongo Movie: kamera ya mini-DV, taa moja kali na kompyuta ya kuhariria, vyote nilivinunua kwa hela za sendofu na kicheni pati. Nusu ya mafundi niliokutana nao baadaye walipitia njia hiyohiyo.

Hadithi ilikuwa ya mjane anayenyang'anywa nyumba na shemeji zake. Swahiba aliiandika kwa mkono kwenye kaunta buku, na nyumba ya mjane akaipata Sinza kwa shangazi yake. Shangazi alitupokea vizuri, akatupa na chai. Kisha akaweka sharti.

"Baba, nailoni haitoki. Sofa hilo nimelinunua juzi tu. Mkitaka kuigiza, igizeni juu yake."

Maiki tulikuwa nayo moja. Tuliifunga kwenye mti wa ufagio wa buibui, tukaivisha soksi, kijana mmoja wa kikundi akaishika mikono juu mpaka akatetemeka. Basi kila mwigizaji alipojisogeza, nailoni ililia ndani ya hedifoni zangu kama mtu anayekunja karatasi masikioni mwangu. Swahiba akajaribu kuweka kanga chini ya waigizaji, ikateleza, ikawa mbaya zaidi. Mwishowe akatoa amri: anayesikiliza asijitikise, na anayesema aseme kwa mdomo tu. Ndivyo tulivyopiga tukio la kikao cha mirathi, watu sita wamekaa wima kama wanapigwa picha ya pasipoti. Miezi kadhaa baadaye nikiwa kwenye kibanda umiza Manzese nilimsikia mtazamaji akimsifu mjane wetu: "Huyu mama ana roho ngumu, hata hatikisiki!" Swahiba aliniminya goti, wala hakumgeukia.

Mwaka ule ndio wa mgao wa umeme. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yameshuka, umeme mchana ni bahati. Kwa hiyo mchana tulipiga picha kwa mwanga wa dirisha, tukiurudisha usoni mwa waigizaji kwa boksi tulilolibandika foili, na usiku umeme ukirudi tunachaji betri na kuhariri. Dada aliyeigiza mtoto wa marehemu alikuja siku moja amesuka upya. Tukamfunga kitambaa cha msiba, yakaisha.

Kuhariri ndiko kulikotutoa jasho. Kanda ya mini-DV ya saa moja huchukua saa moja nzima kuingia kwenye kompyuta, na inakula takriban gigabaiti 13. Diski yangu ilikuwa ya 80. Umeme ukikatika dakika ya hamsini unaanza upya. Na kwa kuwa nafasi haikutosha, hatukuweza kuhifadhi tukio moja kwa namna mbili: tunaangalia, tunachagua, tunafuta. Swahiba alichagua kwa kumtazama mwigizaji, mimi kwa kutazama picha. Yeye alitaka pale mjane alipolia kwelikweli; mimi nasema pale kivuli cha maiki kimepita ukutani. Tulibishana kwa kunong'ona kwa sababu mke wangu amelala chumba hichohicho, nyuma ya pazia. Mara nyingi sauti ndiyo iliyotuamulia: pale penye kunguru wachache ndipo paliposhinda.

Sinema ilipokamilika tukaipeleka Kariakoo. Msambazaji alianza na kava. "Hapa nani anajulikana?" Hakuna. Akasema ataichukua ikiwa itakuwa na sehemu ya kwanza na ya pili, maana mteja akinunua ya kwanza lazima arudi. VCD moja hubeba kama dakika 80, yetu ilizidi kidogo tu, kwa hiyo disi ya pili ingekuwa karibu tupu. Dawa yake ilijulikana mji mzima: geti. Gari linakuja, linapiga honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango. Nilikataa. Swahiba akanivuta pembeni.

"Kaka, wale watoto wa watu wamekula wali maharage tu muda wote huu. Nikawaambie geti limetushinda?"

Nikapiga mageti. Mengine niliyapiga jioni jua likiwa zuri, na mpaka leo ndizo picha safi kuliko zote katika ile sinema.

Tuliuza moja kwa moja, kanda kuu na haki zake zote, kwa karatasi ya ukurasa mmoja. Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 ilikuwepo na swahiba alikuwa nayo nakala, amepigia mistari. Lakini kikundi kilikuwa kinasubiri, na mwenye nyumba wangu naye anasubiri. Waigizaji tuliwalipa kwanza. Stempu za kodi za TRA kwenye filamu na muziki zilipoanza 2013, ile kazi ilishakuwa mali ya mtu mwingine zamani.

Siku hizi swahiba anaandika tamthilia za televisheni, analipwa kwa kipindi, na mara kwa mara ananiita kushika kamera. Maiki zipo za kutosha, jenereta halisikiki, na diski zina nafasi ya kumwaga. Yeye bado anataka mwigizaji, mimi nataka picha, na kwa kuwa sasa hakuna kinacholazimika kufutwa, tukio moja tunaweza kuligombania wiki nzima. Mhariri wetu ni kijana mdogo mwenye adabu. Akituona tunaingia wote wawili, hutuamkia, kisha huchukua simu yake akaenda kunywa chai.