Nimeokoka. Kutoka Nini?

Jumapili niliyookoka nilikuwa na oda mbili za kutuma kabla ya saa sita usiku. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu rafiki ninayeishi naye ndiye aliyeniomba nimsindikize kanisani na nilikuwa nimepanga kutoka mapema. Pasta aliposema anayetaka kumpa Yesu maisha yake ainue mkono, mkono wangu ukainuka. Sina maelezo mengine. Nililia, nikarudia sala ya toba neno kwa neno, watu wakapiga makofi, na mama mmoja akaandika namba yangu ya simu kwenye kadi.

Saa mbili usiku nilikuwa kwa bedsita yetu Kahawa Wendani, laptopu iko mapajani. Oda ya kwanza ilikuwa insha ya kurasa nane ya mwanafunzi wa uuguzi kule Marekani. Mada: maadili kazini. Niliiandika vizuri sana. Nikalipwa shilingi 2,400.

Kama huijui kazi hii, ni hivi. Mwanafunzi wa ng'ambo analipa, oda inapita kwa mikono ya watu wawili watatu, kila mmoja anakata chake, halafu inamfikia kijana kama mimi mwenye intaneti na Kiingereza kizuri. Mimi naandika, yeye anaweka jina lake. Vijana wengi Nairobi wamelipa kodi ya nyumba na hizi pesa. Mimi nilianza nikiwa mwaka wa pili chuoni. Oda zikawa nyingi, nikaanza kukosa madarasa, kisha mitihani, na mwishowe nikaacha chuo kabisa. Yaani niliacha masomo yangu ili niwafanyie wengine yao.

Shida ni kwamba sikumwambia Mama. Mama anauza ndizi na parachichi sokoni huko Murang'a. Baada ya mimi kuacha, alituma karo ya semista mbili zaidi, jumla shilingi 56,000. Nililipa nyumba, nikanunua hii laptopu, zingine hata siwezi kukuambia zilienda wapi. Kila akipiga simu nilikuwa nasema, "Niko sawa, Mama, tunajiandaa na mitihani."

Huyo ndiye aliyeinua mkono.

Sasa, Kenya neno "kuokoka" tunalisikia tangu utotoni. "Yule ameokoka" maana yake hanywi pombe, hachezi densi, hawezi kukutukana kwa matatu hata umkanyage. Wanasiasa wameokoka. Mwenye nyumba wetu ameokoka. Na kanisani, wanaosimama kutoa ushuhuda wana hadithi yenye pande mbili: nilikuwa vile, sasa niko hivi. Nilikuwa mgonjwa, nilikuwa sina kazi, nilikuwa sina mume. Bwana asifiwe! Kwa hivyo nilingoja upande wangu wa pili. Nilifikiri ningeamka siku moja nikiwa mtu mwingine, mtu ambaye hajamdanganya mamake.

Wiki tatu zikapita. Deni la Fuliza lilikuwa palepale. Mimi nilikuwa palepale. Nilikuwa nikimaliza kuomba natuma oda, na nikimaliza kutuma oda naomba msamaha. Kuna usiku niliirudia ile sala ya toba peke yangu mara nne, nikidhani labda mara ya kwanza haikushika.

Kumbe ile kadi ilikuwa ya darasa la waumini wapya. Alhamisi jioni, viti vya plastiki, watu saba. Aliyetufundisha ni mzee aliyestaafu baada ya kufundisha Kiswahili shule ya upili miaka mingi, na sisi wote tulimwita Mwalimu. Nilitarajia atuambie tusifanye nini. Badala yake alichukua chokaa, akaandika ubaoni: *okoa, okoka, okolewa*.

"Kikombe kimevunjika," akasema. "Nani amekivunja?"

Hatukujua.

"Sentensi haisemi. Sasa, kikombe kimevunjwa. Hapo lazima tuulize: kimevunjwa na nani?"

Akaendelea kutueleza kwamba neno kuokoka si kosa. Limo kwenye Biblia. Yule askari wa gereza la Filipi, kwenye Matendo sura ya 16, ndilo alilotumia kuwauliza Paulo na Sila afanye nini. Lakini tumelitumia sana hadi tukasahau kuna aliyefanya kazi. Mtu anasema "nimeokoka" jinsi anavyosema "nimenenepa" au "nimebadilika," kama jambo lililomtokea tu mwilini, halafu anaanza kujikagua kila asubuhi aone kama bado. Kuokolewa ni tofauti. Mtu anayezama mtoni akivutwa na mwenzake, hakai ukingoni akijipima kama ameokoka vya kutosha. Anauliza nani amenivuta, na nilikuwa nazama kwenye nini.

Kisha akatutafutia mistari mitatu kwenye nyaraka za Paulo. Warumi 8:24, kitendo kiko wakati uliopita: tuliokolewa. Wakorintho wa Kwanza 1:18, wakati uliopo: tunaookolewa. Warumi 5:9, wakati ujao: tutaokolewa. Mtu yuleyule anaandika, na anaowaandikia ni waumini. "Kwa hivyo," akasema Mwalimu, "ukiniuliza kama wokovu wako umekwisha ama bado unaendelea, mimi nitakujibu ndiyo."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu zile sala nne za usiku.

Lakini pia nilikuwa na akili ya mtu wa kutafuta mwanya. Tulisoma Waefeso sura ya 2, kwamba tunaokolewa kwa neema na haitokani na matendo yetu, na mimi nikasikia vizuri sana. Baada ya darasa nikambakisha mzee wa watu.

"Mwalimu, kama ni bure, basi mtu akiendelea na kazi yake ile ile, shida iko wapi?"

Hakuniuliza ni kazi gani. Akaniambia, "Binti, nenda usome habari za Zakayo. Halafu uangalie nani alianza."

Siku hizi ukitaja Zakayo Kenya watu wanafikiria Rais na kodi, kisha wanacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba kuna Zakayo wa kwanza, kwenye Luka 19. Nikasoma. Mkuu wa watoza ushuru, tajiri, mfupi, yuko juu ya mkuyu. Yesu anamwita ashuke na kumwambia leo atakuwa mgeni wake. Hamuulizi ameiba ngapi. Hamwambii arudishe kwanza ndipo aje. Watu wananung'unika kwamba ameenda kukaa kwa mwenye dhambi, na ni baada ya hapo ndipo Zakayo anasimama kutangaza kwamba nusu ya mali yake itaenda kwa maskini, na yeyote aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Nilirudi kwa Mwalimu na hoja. Yesu anatamka neno wokovu baada ya Zakayo kuahidi kurudisha, si kabla.

"Ni kweli," akasema. "Lakini mgeni alishaingia. Zakayo hakulipa ndiyo Yesu aje. Yesu alikuja, ndiyo Zakayo akaacha kuzihitaji zile pesa."

Hapo nikamkumbuka shosho, mama yake Mama. Shosho alikuwa mmoja wa wale wa uamsho, watu waliosalimiana kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao hawakuhitaji kutafsiriwa. Uamsho ule watu huanza kuusimulia na Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini, Rwanda, waliokutana Namirembe, Kampala, mwaka wa 1929 wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 ulienea Rwanda na Uganda, ukaingia Kenya. Ndugu hao walikuwa na mtindo wao: kutembea nuruni. Yaani kusema dhambi yako kwa jina lake, mbele ya wenzako, na kurudisha ulichochukua. Shosho alikuwa akitusimulia jinsi alivyobeba jembe la jirani, alilokuwa amelificha mwaka mzima, akalirudisha mchana kweupe kila mtu akiona. Sisi wajukuu tulimcheka. Tuliona ni aibu ya bure. Jembe moja!

Sasa nadhani najua. Shosho hakurudisha jembe ili apendwe na Mungu. Alilirudisha kwa sababu alishajua anapendwa, na hangeweza tena kuishi akikwepa macho ya jirani. Na mimi, nilipojiuliza nimeokolewa kutoka nini, niliona neno "dhambi" nimelibeba kama wingu, kitu kikubwa kisicho na anwani. Yangu ilikuwa na anwani. Ilikuwa sokoni Murang'a, ikipanga ndizi.

Nilienda Jumatano, siku isiyo ya soko. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akichagua parachichi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri tangu Thika, yote yakapotea.

"Mama, niliacha chuo. Mwaka jana, kabla ya zile semista mbili."

Hakuinua kichwa. Akachagua tatu, nne.

"Na pesa?"

"Nilikula, Mama."

Aliketi kimya muda mrefu. Kisha akasema, na sauti yake haikupanda, "Zile za pili nilikopa kwa chama. Wanajua unamaliza Desemba. Nitawaambia nini?"

Sikuwa nalijua hilo la chama. Nilidhani naja kukiri uongo mmoja, kumbe ulikuwa umeshazaa. Akaniambia chai iko kwa chupa, akaingia ndani. Usiku huo tulikula bila kuongea. Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani, lakini hakunishika mkono.

Ningependa kukuambia yaliyofuata ni ule upande wa pili wa ushuhuda. Sivyo. Niliacha insha za wanafunzi mwisho wa mwezi huo, na wiki mbili sikuwa na hata shilingi ya data. Sasa naandikia maduka ya mtandaoni maelezo ya viatu na sufuria, kazi halali, malipo kidogo. Nilisimama kwenye darasa la Alhamisi nikasema niliyofanya, na Mwalimu hakusema haleluya. Alisema, "Asante," akanipa kiti. Ile sala ya toba sijairudia tena kwa hofu. Nikikosea, na bado nakosea, nasema nimekosa nini, basi.

Tulikubaliana na Mama nimtumie shilingi 2,000 kila mwezi. Ni miezi 28. Najua hizi hazininunulii mbingu, na najua pia kwamba siwezi kusema nimeokolewa halafu nisizitume. Miezi mitano ya kwanza jibu lake lilikuwa neno moja: "Nimepata."

Mwezi huu ulikuwa wa sita. Nilituma jioni, nikaweka simu chini, nikaendelea na sufuria zangu. Ikalia.

"Nimepata. Umekula?"