Kalemie, na Wanaokwenda Kukaa Katika Nyumba za Watu

Mji wa Kalemie umekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, karibu na mahali ambapo mto Lukuga huliacha ziwa na kushika njia ya kwenda kuungana na mto Kongo. Mito mingi huingia katika ziwa hili. Lukuga peke yake hutoka. Labda ndiyo sababu watu wa Kalemie hawashangai wakimwona mwenzao anafunga mzigo. Zamani mji huu uliitwa Albertville. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika hapa ziwani, na tangu siku zile watu na mizigo hukutana bandarini: wengine wamevuka maji kutoka Kigoma, wengine wametoka Uvira au Moba, wengine wanatazamia gari-moshi la kwenda bara.

Siku hizi wako wasafiri wa namna nyingine. Safari yao haianzi kwa meli wala kwa gari-moshi, bali kwa simu ya mkononi. Ni vijana, hasa wasichana, waliomaliza masomo ya sekondari. Wamesikia kwamba huko Ulaya ziko jamaa zinazotaka kijana mgeni wa kukaa nao nyumbani na kuwaangalia watoto, naye hupewa chakula, chumba na fedha kidogo ya mfukoni. Wazazi huuliza: Je, ni neno la kweli, au ni mtego? Tunajibu kwamba ni neno la kweli, na mtego nao upo, na mara nyingi vyote viwili huvaa nguo moja. Lakini kabla ya kueleza haya, na tupite kwanza mjini, kwa kuwa Kalemie yenyewe ina mafundisho ya zamani juu ya kukaa katika nyumba ya watu.

Katika mitaa iliyojengwa wakati wa Wabelgiji zilikuwako nyumba kubwa zenye baraza pana. Nyuma ya nyumba ya namna hiyo kilikuwa kijumba kidogo, mlango wake ukitazama jiko na kamba za kuanikia nguo. Hapo palikuwa pa boi. Yeye alikuwa mpishi, dobi, mlinzi, na mara nyingi mlezi wa watoto. Alipiga pasi ya makaa, alijua kupika vyakula vya Kizungu ambavyo mwenyewe hakuvila mezani, na mtoto wa bwana akilia, yeye ndiye aliyembembeleza. Alikuwa na mke, alikuwa na wajukuu, mvi zilikwisha kumjaa kichwani. Na bado aliitwa boi, yaani mtoto wa kiume.

Hatusemi kwamba mabwana wote walikuwa wabaya. Wako waliomtibu boi alipougua, wako waliomsaidia karo ya watoto wake, na wazee wengi walisomesha vijana wao kwa mshahara ule. Lakini hata bwana mwema alikuwa mwema kwa kupenda kwake tu. Akigeuka moyo, au akirudi kwao na kumwachia mwingine nyumba, boi hakuwa na mahali pa kushika. Mema aliyopewa yalikuwa hisani, hayakuwa haki; na hisani aliyekupa aweza kuinyang'anya asubuhi.

Katika ziwa hilihili kuna mfano wa mtu mwingine aliyekulia mikononi mwa wageni. Adriano Atiman alizaliwa katika nchi za mto Niger, akakamatwa utotoni na kuuzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa, wakamsomesha, naye akajifunza uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta. Kisha alikuja Karema, ng'ambo ya ziwa, upande ambao leo ni Tanzania, akawatibu watu wa pwani ile kwa muda wa karibu miaka 70, mpaka alipofariki mwaka 1956. Naye pia alikaa mbali na mama yake na lugha yake. Lakini nyumba za wageni zilimpa kazi ambayo hakuna mtu angeweza kumwondolea tena, kwa sababu ilikuwa kichwani na mikononi mwake. Basi tuyashike maneno mawili, haki na elimu, tuyapime nayo mambo ya leo.

Kwa Kifaransa mapatano ya kijana mgeni na jamaa ya Ulaya huitwa au pair, maana yake kwa usawa. Jina lenyewe latangaza kwamba kijana huyu si mtumishi wala si mwanafunzi tu. Anakaa kama mmoja wa jamaa. Tarehe 24 Novemba 1969 huko Strasbourg, Ufaransa, nchi za Baraza la Ulaya ziliandika mapatano juu ya vijana hawa, nayo yakaanza kufanya kazi mwaka 1971. Si nchi zote zilizoyaridhia, lakini ni kipimo kizuri. Yanasema kwamba kijana asikae zaidi ya mwaka mmoja, ila mwaka wa pili waweza kuongezwa; kwamba mapatano yaandikwe, ikiwezekana kabla kijana hajatoka kwao; kwamba kazi ya nyumbani isipite kwa kawaida saa 5 kwa siku; kwamba apate nafasi ya kwenda kusoma lugha. Kisha yapo maneno yatakayowapendeza wasomaji wetu: kila juma awe na siku nzima ya mapumziko, na katika kila mwezi siku moja kama hiyo iwe Jumapili, tena asizuiwe kwenda kusali.

Kila nchi ina sheria zake juu ya hayo. Ufaransa, kwa mfano, humpokea kijana wa miaka 18 hadi 30. Kazi yake haizidi saa 25 kwa juma, na fedha ya mfukoni haipungui euro 320 kwa mwezi. Ujerumani hutaka awe hajatimiza miaka 27 na awe amejifunza Kijerumani cha mwanzo. Milango nayo hufungwa pia: Norwei iliuondoa mpango huu mwaka 2024 kwa vijana wanaotoka nje ya nchi za Ulaya, kwa kuwa wengi walionekana wamefanywa watumishi wa mshahara mdogo.

Hapa yafaa wazazi wasikilize vizuri. Fedha ya mfukoni si mshahara. Kijana atatoa humo nauli ya mjini, sabuni, viatu vya baridi na malipo ya simu. Mzazi anayemtuma binti yake kwa kutumaini fedha ya kujengea nyumba Kalemie, anamtwisha mzigo ambao mapatano hayakuwekwa kuubeba. Ndipo binti huona haya kusema kweli. Hutafuta kazi nyingine ya siri, huvunja sheria ya kibali chake, na mwisho hujikuta bila kibali na bila ulinzi. Faida ya safari hii ni lugha, ujuzi wa kulea watoto, na kuona jinsi watu wengine wanavyoishi. Anayerudi na Kijerumani safi amerudi na mali, hata kama mkoba wake ni mwepesi.

Kuna safari nyingine ambayo watu huichanganya na hii, nayo ni safari ya kazi ya nyumbani katika nchi za Ghuba. Wasichana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wamekwenda Oman na Falme za Kiarabu. Huko si au pair. Ni kazi ya mshahara, na wako waliotendewa vema na kuwasomesha ndugu zao. Lakini kwa desturi ya huko iitwayo kafala, kibali cha mfanyakazi hufungamana na tajiri mmoja. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi katika nchi hizo mbili. Wengi walieleza kwamba walinyang'anywa pasipoti na kufanyizwa kazi mchana kutwa hata usiku bila siku ya kupumzika. Hawa walikuwa wamerudishwa katika hali ya yule boi wa Albertville, tena mbaya zaidi, kwa kuwa boi jioni aliweza kutembea kwa miguu mpaka kwa jamaa zake.

Kwa ajili hiyo Shirika la Kazi Duniani, katika Mapatano Namba 189 ya mwaka 2011, liliandika kwamba mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kujiwekea pasipoti yake mwenyewe, na kwamba siku ya mapumziko halazimishwi kubaki nyumbani kwa tajiri. Kumbe mwanadamu alihitaji kuandikiwa hata ruhusa ya kutoka mlangoni! Lakini ndivyo ilivyo: penye karatasi, msichana ana neno la kusema mbele ya polisi au balozi, pasipo karatasi, ana machozi tu.

Basi kijana wa Kalemie anayeitwa na jamaa ya mbali na aulize kabla ya kupanda ndege. Mapatano yako wapi, nami nayasoma katika lugha ninayoijua? Saa za kazi ni ngapi, na siku yangu ni ipi? Pasipoti itawekwa na nani? Masomo yangu yatakuwa wapi? Na azungumze na baba na mama wa nyumba ile, awaone nyuso katika simu, awaone na watoto. Jamaa ya kweli haimwambii kijana atume fedha mbele ili ipate kumpokea. Mtu asemaye, "Lete kwanza dola, viza nitaitafuta mimi," huyo ni mvuvi, na samaki ni wewe. Viza hutolewa na ubalozi, nao uko Kinshasa, si mfukoni mwa mtu wa bandarini.

Tungeweza kukomea hapo, kama maswali haya yangewahusu Wazungu na Waarabu peke yao. Lakini tuingie sasa katika nyumba zetu wenyewe. Baada ya mapigano ya Watwa na Waluba, na hasa katika miaka ya 2016 na 2017, watu maelfu walikimbia vijiji vyao katika mkoa wa Tanganyika, na wengi walikuja kukaa kandokando ya Kalemie. Katika mji wowote uliopokea wakimbizi, watoto wengine huingia katika nyumba za ndugu au za rafiki. Binti anakuja "kusaidia kidogo". Anaamka wa kwanza kuteka maji, anaosha sahani, anambeba mtoto mgongoni, anakaanga dagaa, analala wa mwisho. Watoto wa nyumba wanakwenda shule. Yeye anawafulia nguo za shule. Tukiulizwa, twajibu: "Huyu ni mtoto wetu."

Ikiwa ni mtoto wetu, je, anakula nasi? Ana siku ya kupumzika? Jumapili anakwenda misa, au anabaki kulinda sufuria? Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, naye ana haki ya kulindwa. Na tangu Septemba 2019 serikali imetangaza masomo ya msingi bila karo katika shule zake. Hata hivyo daftari na sare bado hugharimu, na saa za asubuhi bado ni za kuteka maji. Wa kumpa binti huyu saa hizo si ubalozi wala Strasbourg. Ni mama na baba wa nyumba.

Tunawatakia heri vijana wote wanaofunga mizigo yao Kalemie. Waende macho wazi, karatasi mkononi, na warudi na elimu. Nasi tunaobaki, tunaoomba kwamba mtoto wetu akakute kule ugenini chumba chenye taa, kiti mezani na neno jema, tuangalie jioni hii ni nani aliyesimama jikoni mwetu, na kama yeye pia amewekewa kiti.